Firigisi ya Baba

Walisema sitavuka lango la shule ya wavulana. Walisema hata nikilivuka nitarudishwa kabla ya chakula cha mchana. Walisema serikali haiwezi kumpa kipande, yaani kitambulisho, cha mwanamume mtu ambaye kanisa limekwisha kumwandika msichana. Na mama mmoja wa sokoni, aliyeuza dagaa wa omena na maneno kwa pamoja, alisema nitazeeka nikiwa nimesimama kizingitini, mguu mmoja kwa wanaume na mwingine kwa wanawake, nikiwazibia watu njia.

Leo kizingiti ni changu na mlango ni wangu. Ukitoka Kakamega mjini kuelekea Bukura, mabanda yangu ya kuku utayaona kabla hujaonyeshwa. Diploma yangu ya ufugaji wa kuku, niliyoisomea ng'ambo kwenye baridi ya kupasua midomo, nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuketi bila kuisoma. Watoto wangu hunisihi niihamishie chumbani. Siihamishi. Mtu aliyeambiwa hatapata kitu ana haki ya kukitundika juu.

Juzi mke wangu alikuwa akibabua jogoo juu ya moto, yale manyoya madogo yanayobaki baada ya maji ya moto. Moshi ukaingia sebuleni. Nyinyi wa rika langu mnaijua harufu hiyo, ukali wake unaokaa kooni na utamu wake unaofuata nyuma. Niliweka gazeti chini. Kwa kitambo nilikuwa nimechuchumaa tena katika jiko la Kukhu, nyanya yangu, nimevaa gauni la bluu, nikimtazama akigeuza jogoo kwa miguu yake juu ya mabua ya mahindi, nami nikijua kwamba katika jogoo yule mzima hapana hata mfupa mmoja wa kwangu.

Maana kwetu, enzi zile, mwanamke hakula kuku. Mliokulia huko hamhitaji kuelezwa. Wanawake waliwafuga, waliwalisha, waliwafukuzia mwewe, wakawanyonyoa na kuwapika, kisha sahani ikapelekwa kwa wanaume na wao wakabaki na ugali na mboga. Paja la mgeni, shingo ya wavulana, na firigisi, ile tunayoiita imondo, ya mwenye boma peke yake. Na mtoto wa kike akithubutu kuuliza sababu, jibu lilikuwa moja: "Ukila kuku utaota ndevu."

Kwa wasichana wengine hilo lilikuwa onyo. Kwangu lilikuwa ahadi.

Nianze na kuzaliwa kwangu, jinsi nilivyosimuliwa. Senge, dada yake Baba, ndiye aliyekuwa mkunga wa kijiji chetu. Mvua ilikuwa ikinyesha, kibatari kilikuwa kikififia, na mama yangu, ambaye hakuishi kuniona nikitembea, alikuwa amechoka sana. Desturi ni kwamba mkunga akishampokea mtoto anapaza sauti mara moja, na walio nje wanaitikia kwa vigelegele. Akiita "mchunga ng'ombe," ni mvulana. Akiita "mteka maji," ni msichana. Mkunga haiti mara mbili. Senge alinitazama kwa haraka katika mwanga ule mbovu, akaita "Mteka maji!", nje wakapiga vigelegele, na shughuli ikawa imekwisha.

Senge hakuwa mwongo wala mzembe. Mwili niliozaliwa nao ulikuwa wa namna ambayo siku hizi wataalamu wana jina lake, huntha, yaani si wa kike wala wa kiume waziwazi, na hata wahesabu watu wa serikali wana nafasi yake. Wakati ule hapakuwa na jina. Palikuwa na kunong'ona tu.

Nikapewa jina la nyanya yake Baba, Khasandi. Nikalia. Mmisionari akanibatiza Rodha, akaliandika katika kitabu kikubwa cha kanisa. Nikazidi kulia. Nasikia nililia mpaka majirani wakahamisha mbuzi wao upande wa pili wa boma. Kwetu mtoto akilia hivyo, wazee wanajua kwamba amepewa jina lisilo lake. Aliyekufa na anayetaka kurudi hajatajwa. Kukhu akanipakata, akaanza kutaja marehemu wote wa kike wa ukoo wetu, mmoja baada ya mwingine. Nikalia. Ndipo, kwa kuchoka tu, akataja la mumewe: Amukoya.

Nikanyamaza. Nikapiga chafya, nikalala.

Kuanzia siku ile nilikuwa Rodha kanisani na Amukoya jikoni. Kukhu alinitania kama nyanya wanavyowatania wajukuu wa kiume. "Bwanangu," angesema asubuhi, "umeamka? Ng'ombe hawajakamuliwa, na wewe umelala tu kama ulivyokuwa ukilalanga zamani." Nami ningemjibu kwa sauti nene, niliyoifanyia mazoezi kwenye migomba, kwamba anipe uji kwanza. Hayo yalikuwa yetu wawili. Nje ya jiko nilivaa gauni, nikateka maji mtoni, na wasichana wenzangu walinicheka kwa namna nilivyobeba mtungi begani kama gogo.

Hakuna aliyenifundisha kwamba mimi ni mvulana. Nawaambia wanaopenda kusema mambo haya yaliletwa na televisheni. Kijijini kwetu hapakuwa na redio ila moja, na betri yake ilikuwa imekufa. Nilijua kama mtu anavyojua kwamba ana kiu. Nilichokosa, kwa akili zangu za utoto, ni kuku. Nilikuwa nimechunguza nikaona kwamba wote waliokula kuku walikuja kuota ndevu, na wote wasiokula hawakuota. Nani angenipinga? Na kwa kuwa mwenye boma ndiye aliyekuwa na ndevu nyingi kuliko wote, na ndiye aliyekula firigisi, nikaona kwamba nguvu yote ya ndevu imo ndani ya firigisi. Kumbukeni kwamba hata wakati huo nilikuwa na kichwa cha diploma.

Basi nikaufanya mtihani wa darasa la nne, nikawa wa kwanza. Nasema tena, kwa faida ya yule mama wa omena: wa kwanza. Nafasi ya kwenda shule ya kati ya bweni ikawa yangu. Mwalimu wetu mkuu, mtu mwema mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, akamwita Baba na kumweleza tatizo. Shule iliyokuwa na nafasi ilikuwa ya wavulana. Ile ya wasichana ilikuwa imejaa. Walioona jina Rodha walikuwa wamekwisha kuuliza maswali, na nisipofika siku ya kufungua shule nikiwa nimeandikwa sawasawa, nafasi itapewa mwingine.

Baba alifanya kazi katika mashamba ya chai Kericho, akija nyumbani kwa likizo tu. Alikuwa mtu mrefu, mkimya, aliyeogopa kuzungumzwa. Alirudi kutoka kwa mwalimu akaketi mlangoni kwa Kukhu.

"Nimwache alivyo," alisema. "Nikimbadilisha, watu watasema nimeidanganya serikali. Na msichana ataniletea ng'ombe. Huyu akiwa mvulana, ataniletea maneno."

"Na siku wakwe watakaporudi kudai ng'ombe zao," Kukhu akamjibu bila kuacha kuchambua mboga, "utazitapika ama watazitoa wenyewe?"

Nami, niliyekuwa nyuma ya ukuta, nikaelewa jambo moja tu: nafasi yangu inaondoka.

Siku hizo uhuru ulikuwa ndio kwanza umeingia. Chifu aliitisha baraza uwanjani, bendera mpya ikapandishwa, ikakwama, ikashushwa, ikapandishwa tena. Chifu alikuwa mtu wa tumbo na sauti. Akasema mengi, lakini moja lilinichoma kama sindano. "Yale yote mzungu alituandikia yamekwisha!" alinguruma. "Kuanzia leo tunajiandika wenyewe!" Watu wakashangilia. Mimi sikushangilia. Nilikuwa nikifikiri nitaupataje muda wa kwenda kujiandika kabla foleni haijawa ndefu.

Nikangoja siku mbili, ili bendera itulie. Kisha nikaosha miguu, nikaenda ofisi ya Chifu peke yangu. Hapakuwa na foleni. Nikadhani nimewahi. Askari kanga, mlinzi wa Chifu, alikuwa ameegemea nguzo.

"We msichana, unatafuta nani?"

"Natafuta Chifu. Nimekuja kujiandika."

"Kujiandika nini?"

"Kujiandika upya. Alisema kwa baraza."

Askari akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Chifu akatoka kuona kinachochekesha wakati wa kazi. Akanitazama, akaketi kwenye ngazi ili tuwe kimo kimoja. Sitasahau hilo.

"Sasa umeandikwa nani?"

"Rodha."

"Na unataka kuandikwa nani?"

"Amukoya. Mvulana."

"Rodha iliandikwa na nani?"

"Mzungu. Ulisema yale ya mzungu yamekwisha."

"Mzungu gani?"

"Ule wa kubatiza."

"Aah. Huyo hakuwa wa serikali, mtoto wangu. Huyo ni wa Mungu."

"Lakini ni mzungu," nikasema.

Askari akataka kucheka tena. Chifu akamtazama, akaacha. Akaniuliza mimi ni wa nani, nikamwambia. Akakuna shingo. "Umezaliwa kwa mikono ya Rebeka mkunga? Nimewahi kusikia habari yako. Mimi siandikangi mtoto aliyekuja peke yake. Jumamosi nitakuja kwenu. Mwambie babako asiende popote. Na mwambie nyanyako nakulanga vizuri."

Niliwasilisha ujumbe wote, hadi huo wa kula. Baba aliposikia alisimama, akaketi, akasimama tena. "Umeniitia Chifu nyumbani?" alisema. Sikuwahi kusikia sauti yake ikiwa ndogo hivyo. Kukhu alikwisha kutoka nje, akimchagua jogoo kwa macho.

Jumamosi Chifu alikuja, na pamoja naye Mzee Daudi, mzee wa kanisa. Mzee Daudi ndiye aliyekitunza kitabu cha ubatizo tangu mmisionari aliporudi kwao. Alikuwa mtu mwembamba, mnyofu, asiyechukua hata muwa njiani bila kumwomba mwenyewe. Wanaume watatu waliketi sebuleni. Kukhu na Senge walikuwa jikoni. Mimi, nikiwa nimevaa gauni la bluu lililopigwa pasi ya makaa, nilipewa kazi ya msichana: kusimama na birika na beseni, ninawishe mikono.

Mzee Daudi alianza. "Mungu aliumba mume na mke," alisema, "na mtoto huyu alipoletwa kwake aliletwa kama mke. Kitabu cha ubatizo hakifutwi kwa kifutio cha shule. Leo tukifuta hili, kesho mwingine atakuja kusema hakuzaliwa kwa baba yake. Tutaishia wapi? Sisemi kwa ubaya, Chifu. Nampenda huyu mtoto. Lakini kuna mambo hayawekwi kwa matakwa ya mtu."

"Serikali yangu haina maneno mengi," Chifu akasema. "Inataka kujua tu: huyu akikua, atalipa kodi ama hatalipa? Akiwa mwanamume, nitamdai kodi na nitampa kipande. Akiwa mwanamke, sitamdai. Shida yangu ni bwana aliye juu yangu pale bomani, kwenye ofisi za wilaya. Ataniuliza nimejuaje. Siwezi kumwambia mtoto alikuja mwenyewe."

Ndipo Senge akatokea kwenye mlango wa jikoni, mikono ikiwa na unga. Hakupaswa kuzungumza. Alikuwa mwanamke mwenye sifa. Nusu ya kijiji ilipita mikononi mwake, na sifa hiyo ilitegemea kwamba akishaita ameita.

"Mkunga haiti mara mbili," alisema. "Nimeita watoto wengi, na sijawahi kurudia. Siku ile taa ilikuwa mbaya, nami nilikuwa nikimtazama mama yake kuliko nilivyomtazama yeye. Tangu hapo nimemwogesha, nimemuuguza, nimemwona. Leo naita mara ya pili." Akapaza sauti, pale pale, mbele ya Chifu: "Mchunga ng'ombe!"

Hakuna aliyeitikia. Nje mbwa akabweka. Kisha kutoka jikoni kikaja kigelegele kimoja chembamba, cha kizee, kisicho na pumzi. Kukhu.

"Mama Rebeka," Mzee Daudi akasema kwa upole, "siku ile macho yako yalitoa ushahidi, na leo yametoa mwingine. Tuamini upi?"

"Niamini nilipotazama vizuri," Senge akasema, akarudi jikoni. Nilisikia akipangusa pua.

Chifu akamgeukia Baba. "Mwenye boma, hujasema kitu."

Baba alitazama sakafu. Naweza kuwaambia alichokuwa akifikiri, maana aliniambia mwenyewe miaka mingi baadaye: alikuwa akiona watu wa soko, na midomo yao. Na kabla hajajibu, chakula kikaingia.

Kukhu alikileta mwenyewe. Ugali, yaani obusuma ya wimbi iliyokuwa ikitoa mvuke, na bakuli la kuku. Mchuzi ulikuwa na mafuta yaliyotengeneza vijiduara vya dhahabu. Paja akamwekea Chifu, paja la pili Mzee Daudi, na mbele ya Baba akaweka firigisi, imepasuliwa, imesafishwa, imekunjwa tena kama ngumi ndogo. Nikanawisha mikono ya Chifu. Nikanawisha ya Mzee Daudi. Nilipofika kwa Baba, Chifu akasema, pengine ili kumpa mwenzake nafasi ya kupumua, "Na wewe mwenyewe? Tumezungumza wote. Wewe unataka nini?"

Nilikuwa nimebeba beseni la maji machafu. Nikaona kwamba nafasi kama ile haitarudi.

"Nataka firigisi," nikasema.

Kijiko cha Kukhu kikaanguka.

Nawaomba mwelewe ni kitu gani nilichokuwa nimesema. Mimi niliomba ndevu. Wao walisikia mtoto aliyevaa gauni akidai mbele ya wageni fungu la mwenye boma, yaani kiti chake, ardhi yake na jina lake, na mwenyewe yu hai ameketi. Kwa mwana wa kiume ni ujeuri. Kwa binti hapakuwa na neno la kuliita. Mzee Daudi aliacha kutafuna. Baba aliinua uso, nami nikaona, kwa mara ya kwanza maishani, kwamba ananitazama mimi na si watu walio nyuma yangu.

"Unajua unachoomba?" Chifu akaniuliza.

"Ndiyo."

"Nini?"

"Ndevu," nikasema. "Shule inafunguliwa karibuni, na mimi bado sijaanza kuota."

Tumbo la Chifu likaanza kutikisika. Akacheka mpaka akashika meza, na Mzee Daudi, mtu ambaye sikuwahi kuona meno yake, akafunika mdomo kwa leso, mabega yakimruka. Baba hakucheka. Alikuwa bado akinitazama.

"Baba yako Amukoya naye hakuwanga na subira," Kukhu akamwambia kutoka mlangoni. "Alikuwa akidokoa kabla chungu hakijaepuliwa."

Baba akachukua ile firigisi. Akaipasua kwa vidole gumba viwili, polepole, maana ni ngumu. Nusu akaiweka sahanini. Nusu akaninyooshea. Nikatua beseni, nikanyoosha mikono yote miwili kupokea, nikiwa nimesimama.

"Keti," akasema.

Palikuwa na nafasi kwenye benchi, kati yake na Chifu. Nikaketi na gauni langu la bluu, nikala. Ilikuwa ngumu kama raba na chumvi imezidi. Sijawahi kula kitu kitamu zaidi, na nimekula katika mahoteli ya ng'ambo yenye vitambaa vyeupe.

Chifu alijipangusa vidole. "Mimi nilikuwa mtu wa hapa kabla sijawa wa serikali," alisema. "Mtoto hawezi kulishwa firigisi na babake mbele ya macho yangu, halafu mimi nikamwandike binti. Bwana wa bomani akiniuliza nimejuaje, nitamwambia mkunga alisema na baba akakubali."

"Andika," Mzee Daudi akasema. "Ni kalamu yako. Kanisa halitaandika."

"Sijaliomba," Chifu akajibu, na wakaendelea kula bila ugomvi, kama wanaume wanavyoweza kula pamoja wakiwa hawajakubaliana.

Jumatatu Mzee Daudi alirudi peke yake, akiwa na kifurushi kwapani. Nilidhani ameleta kitabu cha ubatizo aje anisomee. Akafungua. Ilikuwa kaptula ya kaki na shati, vimeoshwa.

"Ni vya mwanangu," alisema. "Nimekuazima, sikukupa. Na usidhani nimekubali. Sijakubali. Lakini mtoto hawezi kwenda shule uchi, na gauni hilo litakurudisha langoni."

Hivyo ndivyo nilivyoondoka, mwili mzima wa kuazima. Senge aliniazima sanduku lake la mbao la ukunga, lililonuka sabuni ya dawa. Chifu aliniazima barua yenye mhuri, akasema, "Hii ni heshima yangu. Ukifeli, nimefeli mimi." Baba alisema yeye keshatoa nusu ya firigisi, na ananidai nzima. Nikamuuliza Kukhu yeye ananiazima nini.

"Mimi?" akasema. "Mimi nimekuazima mume wangu. Unirudishie akiwa na afya."

Sitawachosha na mambo ya shule. Nilichekwa, nikapigwa, nikapiga. Mwaka wa kwanza nililala nimekumbatia lile sanduku. Lakini darasani walionicheka walikaa nyuma yangu, na waliokaa nyuma yangu waliniomba niwasaidie hesabu. Kuhusu jando, waliokuwepo wanajua, na wasiokuwepo haliwahusu. Kipande nilikipata. Yule aliyenichukua alama za vidole hakuinua hata macho. Kwake ilikuwa kazi ya asubuhi kama nyingine, na mimi nilitoka nje nikaegemea ukuta, nikavitazama vidole vyangu vyenye wino. Baadaye pasipoti, ndege, theluji, na kuku weupe wa kizungu wasiojua kuwika. Nikasoma. Nikapasi. Hakuna mjomba aliyenishika mkono.

Siku hizi vijana huniuliza nionavyo mabishano yanayoendelea, kwamba mtu aandikwe nini, na nani aamue, daktari, mahakama, mchungaji au mwenyewe. Wanadhani mzee kama mimi nitatoa jibu moja. Mimi sikutaka nafasi ya tatu, isiyo ya kiume wala ya kike; nilitaka ile niliyoijua kuwa yangu, na nikaipata. Mwingine akitaka ya tatu, avutiwe kiti. Ninachojua ni kwamba kalamu haikutosha siku ile. Palihitajika mtu wa kusema "keti."

Niliporudi nchini sikuanza na nyumba wala gari, ingawa gari lilikuja. Nilianza na kuwarudishia walioniazima. Nilichinja majogoo wa kutosha ili firigisi zisigombaniwe, nikawaita wote bomani kwetu. Chifu alikuwa amestaafu, tumbo limempungua lakini sauti imebaki. Nikamkabidhi barua yake, na diploma yangu aishike kwa mikono yake miwili. Akaishika muda mrefu, akaigeuza kutazama kama nyuma kuna kitu. Senge nikamrudishia sanduku lake, ndani nimelijaza mikasi mipya na taa ya betri yenye mwanga mkali. Akaiwasha taa ile mchana kweupe, akanimulika usoni, akacheka mpaka akalia. Baba nikampa firigisi nzima. Kabla ya kuanza kula alisogea kwenye benchi nipate nafasi.

Mzee Daudi alikuwa amekuwa kipofu wa jicho moja. Nikampa kaptula ya kaki na shati, vipya, kwa ajili ya mjukuu wake.

Akavipapasa mshono. "Bado sijakubali," alisema. "Na kitabuni ungali Rodha."

"Najua, Mzee. Kula."

"Nakula," akasema. "Kwani nimesema sili?"

Akabaki Kukhu. Alikuwa amekaa jikoni, kwa desturi, na wanawake wengine, na ugali wao na mboga zao. Nikaingia na sahani. Wanawake wakasogea, wakidhani nimekuja kuchukua chumvi. Nikapiga goti mbele yake, nikamwambia nimemrudisha mumewe, na ana afya. Nikamsomea jina kwenye diploma, Amukoya, mara mbili, kwa kuwa aliniomba nirudie. Kisha nikamwekea sahani mapajani. Firigisi, nzima, yenye mchuzi.

Mwanamke yule alikuwa amepika kuku tangu akiwa msichana, na hakuwahi kulamba hata kidole.

"We mwanamume," alisema, "unataka niote ndevu?"

"Mimi nilikula nikaota," nikasema, nikampa kidevu changu akishike. "Ila zilichelewa kidogo."

Akanishika kidevu. Akaitazama firigisi, akawatazama wenzake, akaiinua na kuuma. Meno hayakuwa mengi. Alitafuna taratibu, macho ameyafumba, na hakuna aliyethubutu kusogeza sufuria. Akameza. Kisha akainua mkono, akajipapasa taya, upande mmoja na upande wa pili, kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayekagua shamba alilolipanda mwenyewe.

"Bado," akasema. "Hebu leta nyingine. Na hawa wenzangu je, watanitazama tu?"

Nikatoka nje kuleta kuku wa wanawake.